Namba Sita Alizoomba Mtani

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka saa kumi na moja. Uji wa dada kwanza, kisha dawa zake, kisha simu. Matangazo mawili leo. Mama mkwe wa katekista, na fundi baiskeli wa karibu na stesheni. Yote mawili yametoka kabla ya saa mbili, msalaba juu, jina kwa herufi kubwa, ratiba ya mazishi kwenye faili lake pembeni. Nilipiga chapa ofisini miaka thelathini. Sitaki marehemu wa watu waage dunia kwa mistari iliyopinda. Kundi letu la misiba kwenye simu lina watu wengi kuliko kanisa siku ya Pasaka, na wote wanajua jambo moja: likitoka kwangu mimi Kalunde, mtu amekufa kweli.

Dada Nyamizi amekula vijiko vitatu. Huu ni mwezi wa pili yuko hapa kwangu Itetemia, tangu daktari aseme asikae mbali na hospitali. Hapapendi. Majirani zangu wana mageti, hawamjui, naye hawajui. Watu wake wako Ntalikwa, alikoolewa, alikolima, alikomzika mumewe. Kule, kikisikika kilio, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika alfajiri, mzigo wa kuni kichwani, nyonga moja ikishuka kila hatua. Anapiga makofi matatu mlangoni. "Mmelala au mmekufa?" Anauliza hivyo hata kwenye nyumba ya msiba. Hakuna aliyewahi kumkasirikia.

Leo ameniomba kitu. Nikifa, watu waje. Basi, ni hilo tu. Baba yetu alizikwa na watu wanne kwenye kambi ya tumbaku, porini huko Ipole, mvua ya wiki nzima, habari haikutoka. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Dada alikuwa binti wa miaka kumi na miwili na alikuwa mmoja wa wale wanne. Alishika jembe. Nimemwambia aache maneno hayo. Halafu nimemwahidi. Nina kundi, nina ukurasa wa matangazo mtandaoni, nina majina ya watu wote wa Ntalikwa kwenye simu. Sijawahi kutoa ahadi rahisi kama hii.

Jumatano, 4 Juni

Ndahani amepita. Mgogo huyu aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akastaafu hapa, na bado anajiita mgeni ili apewe chakula. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani, wakatozwa hongo njia nzima. Ugomvi uliisha, utani ukabaki. Ameingia bila hodi, amechukua matobolwa yote, viazi vikavu vilivyokuwa kwenye ungo, amemwuliza dada atakufa lini ili arithi shamba. Dada amecheka mpaka akakohoa. Hajacheka tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo matobolwa yaende tu.

Alikuwa na majivuno na simu yake. Kuna linki ameletewa mtandaoni, ukiifungua inakuonyesha nani anazichungulia picha zako kwa siri. Imemtaka aandike pasiwedi, akaandika. Anasema wanaomchungulia ni wajane wa Kinyamwezi. Nimemwambia ni polisi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya kufua. Mashuka ya dada mara mbili.

Mchana ujumbe kutoka kwa Ndahani. "Mchawi wa Unyamwezi, nimekosea nikatuma namba sita kwenye simu yako. Nirudishie upesi kabla sijaja kuchukua jogoo." Namba zilikuwa zimeingia kweli. Chini yake pameandikwa usimpe mtu yeyote. Nilisoma. Lakini mtani si mtu yeyote. Mtani akiomba hanyimwi. Unatoa, kisha unamtukana. Nimemtumia namba zote sita na tusi zuri la kuzisindikiza.

Hakujibu tusi. Labda chaji imeisha.

Ijumaa, 6 Juni

Kundi limenifungia nje. Simu inasema akaunti yangu inatumika kwenye simu nyingine. Nimeizima, nimeiwasha, nimetoa laini, nimeirudisha. Ukurasa nao haufunguki.

Nimempigia Ndahani kwa sauti. Hajaomba namba yoyote. Akaunti yake mwenyewe haijafunguka tangu juzi jioni, akadhani bando limeisha. Nilisikia kuku wa kwake wanalia.

Sasa najua kwa nini tusi langu halikujibiwa. Ndahani hajawahi kuliacha tusi likapita hivi hivi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Sijamwambia mtu mwingine. Naona aibu. Mwanamke mzima, mstaafu, nimesoma onyo kwa macho yangu na nimelipita. Jumatatu nitakwenda mjini kwa mtu anayejua simu, litaisha kimyakimya.

Jumamosi, 7 Juni

Halikuisha kimyakimya.

Saa nne jirani wa geti la bluu, ambaye hajawahi kuingia kwangu, amekuja kunipa pole ya Mzee Maganga. Nikamwuliza Maganga gani. Akanionyesha simu. Tangazo langu. Msalaba juu. Jina kwa herufi kubwa. Shukrani chini, maneno yangu yale yale ya kila siku. Mzee Maganga wa Ntalikwa, mfuga nyuki, baba wa Pili, amefariki usiku. Pembeni faili, Ratiba ya Mazishi.

Haikuwa ratiba. Watu wamelifungua, likawaomba ruhusa ya kuingia kwenye simu, wakaliruhusu, kwa sababu ratiba ya Kalunde hufunguliwa. Kisha simu zao zenyewe zikaanza kulituma tangazo lile kwa kila waliyemjua, bila wao kugusa kitu. Chini ya tangazo akaunti ya Ndahani imeweka kicheko. Kwa hiyo nusu ya watu wakasema ni utani, nusu wakachukua kuni.

Mzee Maganga alikuwa uani anaziba mzinga. Akaona wanawake wanaingia na kuni vichwani na khanga viunoni. Hakufikiri kwamba ni yeye. Alifikiri ni mkewe. Alikimbilia ndani akimwita kwa jina lake la utoto. Mama wa watu alikuwa jikoni, akasikia mwito ule, akaanguka. Presha. Wamempeleka hospitali kwa bodaboda, katikati ya watu wawili.

Pili alikuwa Dodoma kazini. Amepanda basi analia. Ukweli umemfikia akiwa njiani.

Kama ningesema jana, yasingetokea haya. Ningewapigia watu kumi tu, nao wangepiga kumi. Nilikuwa naificha aibu yangu.

Dada amesikia minong'ono, ameuliza nani amekufa. Nimesema hakuna. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda hospitali, kisha Ntalikwa. Mama Maganga anaongea, mkono wa kushoto hauna nguvu. Amenipa ule wa kulia.

Mzee nilimkuta amekaa kwenye kibao, mzinga wake uko vilevile, haujazibwa. Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, namba sita, mtani, aibu. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mwanangu, nimewaona walionililia. Na nimewaona ambao hawakuja. Hilo la pili nisingependa kulijua nikiwa hai." Ningefurahi angenipiga.

Pili hakuniamkia. Nilimlea huyu mtoto mwaka mzima mama yake alipougua, nilimfunga nywele kwenda shule, na leo hakunipa shikamoo. Alisema tu, "Sitafungua tena kitu chenye jina lako." Akaingia ndani.

Nimerudi kwa miguu mpaka barabara kuu. Sikutaka kupakiwa na mtu.

Jumanne, 10 Juni

Mjini, kwa Bi Rehana. Babu yake aliuza vitambaa kwenye duka lile lile, yeye anauza na kutengeneza simu. Mwanamke wa maneno machache. Ameniomba nianze mwanzo, akawa anaandika kwenye boksi la simu tupu.

Ameniambia hivi. Ile linki ya Ndahani ilikuwa mtego, ukurasa wa uongo uliofanana na ule wa kweli, kazi yake kumeza pasiwedi. Mwizi akaingia kwa Ndahani. Akataka kuifungua akaunti yangu kwenye simu yake, namba sita za kuthibitisha zikaja kwangu, kama zinavyopaswa, akaziomba kwa jina la Ndahani. Nikampa. Alipoingia akaweka kufuli lake la pili, ndiyo maana sifunguliwi haraka. Bi Rehana ameandika maombi ya kurudishiwa. Tusubiri. Lile faili nalo linasoma meseji za simu iliyolikubali. Kila aliyelifungua alitoe, abadilishe siri zake zote, za benki kwanza.

Nikamwuliza mwizi alijuaje kuniita mchawi wa Unyamwezi. Na jogoo, alijuaje?

"Bibie, wanasoma kwanza," alisema. "Wanasoma maongezi yenu ya nyuma, ndipo wanaomba."

Matusi yetu ya miaka yote. Alikaa akayasoma, huko aliko, akajifunza namna ya kuniomba nisikatae. Nimemchukia mtu nisiyemjua sura. Ni kama nimekuta mgeni amekalia kitanda cha dada.

Nimenunua laini mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Ndahani amekuja. Amebisha hodi. Amesimama mlangoni mpaka akaribishwe. Amemwambia dada shikamoo, kwa adabu, kofia mkononi. Dada akaniangalia akauliza nani amekufa.

Nilimtoa nje. Alikuwa anataka kuomba msamaha, nikamwambia msamaha akaombe kwa Mama Maganga. Nilimwambia wajane wake wa mtandaoni wameniharibia jina. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Hayakuwa utani na yeye alijua. Aliondoka na baiskeli yake anaikokota, hakuipanda.

Nilikuwa mkali kupita haki. Aliyesoma onyo ni mimi.

Jumapili, 15 Juni

Katekista ametangaza kanisani kwamba akaunti ya Kalunde imedukuliwa, lile faili litolewe, siri zibadilishwe, na hii ndiyo namba yake mpya. Watu waliitikia kwa vichwa. Nikaona wachache wanaandika namba. Wachache sana. Bi mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, tutajuaje kama hii mpya si ya mwizi pia. Hakunong'ona vya kutosha. Na alikuwa na haki.

Dada leo hakula kabisa. Amelamba asali ya Ipole kwenye kidole changu.

Jumatano, 18 Juni

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alifariki juzi. Hana ndugu wengi hapa. Mkewe aliniomba nitangaze. Nikaandika kwa laini mpya, bila faili, bila linki, maneno matupu.

Majibu. Tumekushtukia. Mwizi wewe, huna haya? Huyo naye atakuwa anafuga nyuki? Wanne wamenifungia nisiwatumie kitu tena. Niliwapigia kwa sauti, namba wasiyoijua, hawakupokea.

Leo kazikwa. Nimesimama kando ya kaburi na nimehesabu. Tisa, pamoja na katekista na mchimbaji. Mjane aliangalia barabarani muda wote.

Nilivyorudi dada aliuliza, walikuja wangapi? Nikasema wengi. Amenitazama muda mrefu. Ana miaka sabini, ananijua tangu mgongoni mwa mama.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mbele yake. Naogopa kwamba nimemwahidi kitu na sina tena cha kumpa.

Alhamisi, 19 Juni

Saa tisa alasiri. Nilikuwa nampaka mafuta miguu. Alisema nimpake na nyonga, ile mbovu. Nikapaka. Nilipoinua uso alikuwa amekwenda.

Hakuna kelele. Nilimaliza kupaka mguu wa pili. Kisha nikalia.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika hili alasiri, kwenye mkeka, wanawake wanne wa jumuiya wamekaa nami.

Mwili uko hospitali. Mazishi kesho saa nane, Ntalikwa, kando ya mumewe. Katekista alipanga jana jioni. Kwa hiyo kaburi lichimbwe leo. Ardhi ya Juni ni ngumu, inataka wanaume sita au saba wa kupokezana.

Nilitangaza tangu jana saa kumi na mbili. Nyamizi wa Ntalikwa, dada yangu wa tumbo moja. Mpaka asubuhi walikuwa wamejibu watu watatu, wote kwa matusi. Mmoja aliandika: sasa umefika mpaka kwa dada wa Kalunde mwenyewe, Mungu akulaani. Nilimjua. Nyamizi alimkalia uzazi wa watoto wake wote. Nikampigia, akakata. Nikapiga tena, simu ikawa imezimwa.

Kwenda mwenyewe sikuweza. Mfiwa hatoki kwenye mkeka kutangaza msiba wake. Katekista ana pikipiki mbovu na yuko hospitali kwenye makaratasi. Wale wanawake wanne ni wa huku Itetemia, Ntalikwa hawamjui mtu. Nilikuwa nawaza watu wanne. Namba hiyo tu kichwani. Wanne na mvua.

Saa mbili asubuhi Ndahani akaingia. Safari hii hakubisha hodi.

Hakunipa pole. Alipita katikati ya wanawake mpaka chumba cha dada. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Mama mmoja akainuka kumzuia, anadhani ni mwizi wa misiba. Ndahani akatoka amejifunga khanga ya dada ya njano kiunoni, ya pili kichwani, miguu mirefu ya Kigogo imebaki nje kuanzia gotini. Ameshika kikapu cha dada. Akaenda uani akajitwisha kuni zangu za kupikia, mzigo mzima. Ana miaka sitini na sita.

Nilielewa. Wale wanawake wengine hawakuelewa, mimi nilielewa. Ndahani akienda Ntalikwa na suruali yake aseme Nyamizi amekufa, nani atamwamini? Mtani anakutangaza umekufa kila siku ya Mungu, na akaunti yake ndiyo iliyomcheka Mzee Maganga. Mdomo wake hauna thamani zaidi ya simu yangu. Lakini nguo ya mtu aliye hai mtani haigusi. Anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anasema maneno yako, siku moja tu, ile ya kifo chako.

Nilitaka kumzuia. Sikuwa tayari kuiona khanga ile ikitembea. Akanitazama, akasema, "Mnyamwezi, kaa kwenye mkeka wako. Leo babu yangu anambebea babu yako mzigo." Akashuka barabarani. Nyonga moja ikishuka kila hatua. Alimpata. Mungu wangu, alimpata kabisa.

Saa kumi na moja jioni

Amekuja Pili, ametumwa na baba yake. Nayaandika aliyoyasema, nisije nikayasahau.

Ndahani aliikataa bodaboda. Alipita njia ya zamani, ile ya wapagazi, nyumba hadi nyumba. Kwa kila mlango makofi matatu. "Mmelala au mmekufa?" Watoto walianza kumcheka na kumfuata. Watu wazima walitoka wakicheka pia, maana Mgogo mrefu ndani ya khanga fupi anachekesha. Halafu wakaiona khanga ni ya nani. Pili anasema alikuwa anapepeta mchele, akasikia yale makofi, akasema Mama Nyamizi amepona. Alitoka mbio kumpokea kuni.

Mzee Maganga alitoka nyuma yake. Alimtazama Ndahani, akakaa chini kwenye vumbi, akasema, "Nyamizi." Hakuuliza kama ni kweli. Ndahani hakutua mzigo wala hakuongea kwa sauti yake. Aliendelea na sauti ya dada, akamgombeza mzee kwamba amekaa tu kama kiazi na watu wanasubiri kaburi. Mzee akainuka akachukua jembe lake. Yeye ndiye aliyeanza kuchimba. Mzee Maganga. Pili anasema vijana walipofika walimwomba awaachie, akawaambia wao walikuja kumzika bure, sasa wamwache azike.

Pili alimaliza. Kisha akaniamkia. "Shikamoo mama." Nikaitika.

Jumamosi, 21 Juni

Nilijaribu kuhesabu. Nilifika kwenye uzio wa muhogo nikashindwa kuona watu wanaishia wapi, nikaacha.

Walitoka hadi Ipole, roli moja la tumbaku limejaa wanawake wamesimama. Wale watatu walionitukana kwenye simu walikuja. Yule aliyenilaani hakuweza kuniangalia, nikamshika mkono kwanza mimi. Mama Maganga aliletwa kwenye kiti, akawekwa kivulini.

Ndahani alilala njiani mbele ya jeneza na ile khanga, akasema halipiti. Anamdai mchawi huyu ugomvi wa miaka ishirini, hazikwi mpaka alipwe jogoo. Nikamwambia achukue. Akasema yule jogoo amekonda kama wenyewe. Watu walicheka na machozi yanatiririka, na mimi nilicheka. Jeneza likapita.

Nilimwambia dada, kimoyomoyo, watu wamekuja. Si kwa sababu yangu.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 25 Juni

Bi Rehana amepiga simu. Akaunti imerudi. Ameweka kufuli la pili, lenye namba ninayoijua mimi peke yangu, amenifundisha kuliweka kwenye kila kitu, na ameniapisha kama hakimu: namba za kuthibitisha hazisomwi kwa mtu, awe mtoto, awe padri, awe mtani. Nimeapa. Na Ndahani amefanyiwa hivyo hivyo, amekaa dukani saa nzima akimwita mchumba na Bi Rehana hakucheka hata mara moja.

Nimefungua kundi. Tangazo la Mzee Maganga lilikuwa bado liko juu kabisa, msalaba na kila kitu. Nimelifuta. Mwizi hajakamatwa. Pengine sasa hivi anasoma maongezi ya mtu mwingine.

Nimewaandikia watu kwa kifupi. Kalunde amerudi. Hatutatuma tena faili wala linki, tangazo litakuwa maneno matupu. Na kila msiba, mtu mmoja wa nyumba hiyo au mtani wake atatembea kwa miguu mpaka kwa watu watatu wa kwanza. Hao watatu wakiona kwa macho ndio watawaambia wengine. Simu itafuata nyuma. Watu wameitikia. Wengine wamesema tumerudi zama za babu. Sawa.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi ya baridi. Nimekoka moto mapema, kisha nikakumbuka hakuna wa kupikiwa uji. Nimepika hata hivyo.

Saa mbili simu ikalia. Namba sita zimeingia. Mtu fulani, mahali fulani, anajaribu tena. Nimezitazama mpaka muda wake ukaisha.

Ndahani ameleta khanga mbili za dada. Kwa desturi ni zake, mtani aliyevaa haulizwi. Amezikunja vizuri, kaziweka kwenye mfuko wa nailoni, akasema Mgogo wa heshima havai nguo za wachawi mara mbili. Nikamwuliza kama amezifua. Akasema hajazifua. Nimemwita mchafu wa Ugogo, nimemwambia kwao maji wanayaona kwenye kalenda, aende asinichafulie uwanja. Ameondoka anacheka, amechukua na jogoo.

Nimefunga mlango. Nimeitoa ile ya njano. Pindo lina vumbi la njia. Juu zaidi, kwenye kifundo, harufu ya moshi wa kuni, jasho la Mgogo yule. Na chini ya hayo yote, kidogo, mafuta niliyokuwa nampaka dada.